Uzinduzi wa Mashine ya Kulinda Usingizi wa Mgonjwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, ambaye pia ni mimi, ila leo nimejiwakilisha. Bwana Mganga Mkuu uliyejibanza nyuma ya nguzo, sogea uonekane. Madaktari bingwa, madaktari mnaotarajia ubingwa, wauguzi, wadau wa maendeleo, waandishi wa habari mliokunywa soda na mtakaokunywa mkishaandika vizuri. Wagonjwa mliosukumwa hadi hapa na viti vyenu. Mabibi na mabwana, hamjambo? (Hatujambo.) Sijasikia, hamjambo? (Hatujambo!) Hapo sasa tunaweza kuongea.

Ndugu zangu, leo katika ua huu wa hospitali yetu, chini ya turubai ambalo rangi yake niliichagua mwenyewe, ofisi yangu, kwa kushirikiana kwa karibu sana na ofisi yangu nyingine, baada ya upembuzi yakinifu, ziara nne za mafunzo ng'ambo na warsha moja ya kukumbushana tulikwenda kujifunza nini, imekamilisha Mradi Jumuishi wa Kulinda Usingizi wa Mgonjwa, ambao matunda yake ni mashine iliyomo ndani ya lile sanduku kubwa lililofunikwa kitambaa cha bluu. (Makofi. Afisa itifaki ananyanyua mikono, makofi yanaongezeka.) Asanteni, mmepiga bila kulazimishwa.

Mashine hiyo nyaya zake zinabandikwa kwenye paji la uso la mtu anayepasuliwa, inausikiliza ubongo, na ubongo ukizinduka kabla ya wakati wake inalia, daktari anaongeza dawa, kazi inaendelea. Ni inovesheni. Ni sistimu ya kidijitali yenye mnyororo wa thamani. Kwa neno moja la kitaalamu, ni sinaji. (Mzee kwenye kiti cha magurudumu: “Ni nini hiyo?”) Sinaji, mzee wangu. Ukipona utaelewa.

Na takwimu hazina chuki na mtu. Chini ya uongozi wangu, asilimia mia moja na nne ya wagonjwa waliopasuliwa walilala usingizi mnono. Hao wanne wa ziada ni jamaa zao waliokuwa wanasubiri kwenye benchi. (Kicheko.) Msicheke, ni mafanikio.

Lakini kuna maneno ya chinichini, nami siyaogopi. Kuna dada yetu, fundi cherehani wa pale mbele ya lango, anayetangaza mtaa mzima kwamba mwezi uliopita, alipokuwa anatolewa uvimbe tumboni, alikuwa macho. Eti alisikia kila neno na kila mkasi, na hakuweza kunyanyua hata kope. Na kwa kuwa uvimbe mmoja ulibaki, Jumatatu anatakiwa arudi mezani, naye amegoma katakata, anasema bora afie kwake. Mume wake, yule bwana anayepaka magari rangi, alikuja ofisini kwangu kiungwana kabisa akaniambia, “Mheshimiwa, nimemwambia mke wangu ile ni ndoto tu, hataki. Hali, halali, mkasi wake mwenyewe hataki hata kuushika.” Nikamwambia, bwana, umesema kweli, ni ndoto. (Mume anainamisha kichwa. Mkewe, pembeni yake, anatazama mbele.)

Hata hivyo niliunda kamati, kwa sababu mimi ni msikivu. Kamati ikakaa, ikala, ikakaa tena. Ikabaini kwamba ni kweli mpira wa dawa ya usingizi ulichomoka, dawa ikawa inamwagikia shukani, kwa hiyo shuka lililala fofofo, wakati dawa ya kulegeza misuli ilikwishamwingia mgonjwa barabara. Ila kamati haikukuta ushahidi wowote kwamba alikuwa macho, kwani muda wote ule hakulalamika. Angelalamika, tungemsikiliza, milango yetu iko wazi. (Minong'ono. Muuguzi mmoja anajifunika uso.)

Na ili tumalize ubishi huu mbele ya kamera, nampa nafasi. Mama, njoo. Mpeni kipaza sauti, umma usikie hiyo ndoto na ucheke wenyewe. Sema, ulisikia nini?

(Fundi anakuja polepole, mkono tumboni. “Mimi sina hotuba,” anasema. “Simu ya daktari iliita. Mikono yake ilikuwa na glovu, muuguzi akamwekea spika. Sauti ilikuwa yako, Mheshimiwa. Suruali zako nazishona mimi, sauti yako naijua. Ukasema, ‘Daktari, ile mashine ya usingizi isahau. Siku ya uzinduzi tutatia friji la kantini ndani ya sanduku, nani atafungua?’ Daktari akakuuliza, ‘Na mgonjwa akizinduka katikati?’ Ukacheka. Ukasema, ‘Aliyelala atamshtakia nani?’ Na mimi nipo pale, tumbo wazi, nachanwa, namwita mama yangu kwa nguvu zangu zote na sauti haitoki. Niliumia, jamani. Niliumia mpaka nikaomba nife.”)

Uongo! Uongo mtupu, tena wa kunichafulia jina mbele ya wadau! Mimi nilicheka saa ngapi? Mimi sikucheka hata kidogo. Aliyecheka ni daktari!

(Mganga Mkuu anarudi nyuma ya nguzo.)

Yaani... naifuta kauli. Kauli imefutwa. Waandishi, futeni na nyie.

(Mume anasimama, anaangusha kiti, anamfuata mkewe. “Mama watoto, kumbe ulikuwa macho.” “Nilikuwa macho, baba watoto. Nilikuambia.” “Uliniambia. Nisamehe.” Anamshika mkono, wanalia wote wawili hadharani.)

Naam, mambo ya kifamilia yamalizwe nyumbani. Muda umetutupa mkono, twende kwenye kaulimbiu. Nikisema “Usingizi salama”, mnajibu “Haki ya kila mgonjwa”. Usingizi salama! (Kimya.) Usingizi salama! (Mzee wa sinaji: “Fungua sanduku!” Umati: “Fungua! Fungua!”) Ndugu zangu, tusiwe na papara, mradi una awamu.

Basi nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru mchapaji wa mabango. Nawashukuru vijana walioleta turubai. Kipekee kabisa namshukuru meneja wa kantini kwa kutuazima friji, na naelekeza arudishiwe kabla ya mchana, kwa kuwa hatuna kitu kingine cha kukisubiri: mashine haikuagizwa, na katika bajeti ijayo imeshaupisha ukarabati wa ofisi yangu. Nawe mama, pole kwa usumbufu. Nakuhakikishia, kama kiongozi, kwamba Jumatatu utalala.

(“Nani ataangalia kama nimelala?” anauliza fundi. Mheshimiwa anapekua kurasa za hotuba. Yule muuguzi anafunua uso, anasimama. “Dada, nilikuwepo, nami nilinyamaza. Jumatatu ule mpira nitaushika mimi kwa mkono wangu, na nitakutazama usoni mpaka wamalize.” Fundi anamwangalia. “Basi nitakuja,” anasema, kisha anamgeukia Mheshimiwa, kipaza sauti bado anacho. “Ila wewe, siku hiyo simu yako izime.”)