Karatasi Niliyoinywesha Kahawa

Jumatatu, 6 Mei
Jumba la makumbusho linatafuta karatasi za kale za herufi zetu za Kicherokee, hasa za miaka ile Sequoyah alipozibuni. Binamu yangu Delbert Ketcher kapeleka ukurasa mmoja wa nyimbo za kanisani, akatokea gazetini. Delbert! Hajui kusoma hata kibao cha barabarani cha herufi hizo. (Mimi pia sijui, ila sijigambi.)

Jumanne, 7 Mei
Nimepata! Karatasi iliyojaa herufi, chini kabisa ya sanduku la marehemu baba. Kasoro moja tu: inaonekana mpya mno. Nimeilowesha kwenye kahawa saa nzima, nikaianika juu ya jiko. Sasa ina miaka mia mbili. Nikampigia simu Bi. Chuculate wa makumbusho: huu ni mwandiko wa Sequoyah mwenyewe. Akauliza nimejuaje. Nikasema damu hujua.

Alhamisi, 9 Mei
Aibu. Bi. Chuculate alikuja na msomaji: shangazi yangu Nadine, mwalimu wa herufi. Delbert naye akaja bila kualikwa, akitafuna mkate wa maharage. Shangazi akavaa miwani, akasoma kimya, akatafuta kiti. Kumbe ni barua ambayo bibi yake Shangazi alimwandikia dada yake wa tumbo moja. Bibi huyo anaeleza kwamba amejifungua mapacha, mmoja hakuishi. Aliyeishi ndiye mama yake Shangazi. Jina la yule mwingine limezama ndani ya doa.

“Mama alikufa akilitafuta jina la pacha wake,” akasema. “Wewe umelinywesha kahawa, Jasper.”

Hata Delbert hakucheka. Nikasema samahani. Nilitaka kuongeza kwamba sikutia sukari.

Jumatatu, 13 Mei
Bi. Chuculate kaipiga picha ile barua kwa taa maalumu. Jina limeonekana: Kamama, yaani Kipepeo. Shangazi alilitamka mara tatu, polepole, kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kisha akaniandikisha darasani kwake. Sikuulizwa.

Jumamosi, 18 Mei
Nimeshasoma mara mbili. Najua herufi sita kati ya themanini na tano. Shangazi ameanza kunisamehe. Jana alinipakulia supu ya njugu, akasema nina mwandiko mzuri.

Leo kijitoni nimeokota bamba la jiwe, laini, kongwe kabisa. Kwa barua, herufi sita hazifiki popote. Kwa jiwe la miaka mia mbili zinatosha. Patasi nimeazima kwa Delbert. Sikumwambia ya nini.