Stadi za Mota kwa Watoto wa Chekechea

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuandaa Kamati. Makamu wake, ambaye hakufika lakini ametuma koti lake likae kitini. Wazee wetu mlioketi, walimu mliokosa viti, wazazi, dereva wangu, na ninyi watoto wa chekechea mliokalishwa sakafuni tangu asubuhi mkinisubiri nije kuwahimiza mkimbie: itifaki imezingatiwa, na palipopungua napajazia mimi mwenyewe. (Makofi ya dereva.)

Ndugu wananchi, nilipoteuliwa kusimamia Mpango Mkakati Shirikishi wa Ujongeaji wa Mtoto nilikaa chini, na huu ni mwaka wa pili bado nimekaa, nikichambua ripoti ya wataalamu, ambayo ukurasa wake wa kwanza tu unatamka bayana kwamba watoto wetu wamepungukiwa na stadi za mota. Mota! Kumbe tunalea watoto, mota hawana, halafu tunashangaa hawaendi! Papo hapo, bila kufungua ukurasa wa pili, nikamwita fundi makenika huyu hapa, akawapima wote. Fundi, waambie. (Fundi: "Mheshimiwa, nimesikiliza vifua vyote. Mmoja ananguruma kidogo, lakini mama yake anasema ni mafua." Vicheko.)

(Mwalimu wa chekechea anasimama: "Mheshimiwa, mota yenyewe ni misuli na viungo! Mtoto aruke, adake mpira, afunge vifungo vyake. Tufungulieni uwanja, basi!") Mwalimu, hoja yako imepokelewa na itaundiwa kamati ndogo. Uwanja ulizungushiwa mabati miaka miwili iliyopita kwa sababu za kitaalamu, yaani kuulinda mradi dhidi ya watoto. (Miguno. Mwalimu haketi, anatoka nje.) Hata hivyo, wenye wivu wajinyonge, kwani tathmini niliyojifanyia inaonyesha tumewafikia watoto kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, na hizo kumi na mbili ni wale ambao wazazi wao bado wanashauriana.

(Bibi mmoja: "Baba, mjukuu wangu huyu ana miaka sita. Vidato vitatu vya hapo mlangoni nimempandisha mgongoni, na magoti yangu yamekwisha. Mwezi ujao anaanza darasa la kwanza, ghorofani. Nani atambeba?") Mama, nimeguswa, na kama ratiba ingeruhusu ningelia. Feizi ya kwanza ni kuhamasisha, feizi ya pili ni kuwahamasisha wahamasishaji, na katika feizi ya tatu mjukuu wako, ambaye kwa makadirio yetu atakuwa ameoa…

(Kishindo. Bati la uwanja limeanguka, mwalimu kasimama pengoni. Watoto wanachomoka kama siafu waliomwagiwa maji.) Jamani! Wanakanyaga eneo la mradi! Mlinzi, yule anapanda rundo la mchanga! (Bibi, dirishani: "Kaanguka! Kainuka! Uwii, mjukuu wangu anakimbia mwenyewe!" Vigelegele. Ukumbi unabaki nusu.)

Nahitimisha. Mtoto ajongee! Taifa lijongee! (Viti vinajongea, watu wanatoka.) Kipekee namshukuru mlinzi, ambaye kwa miaka miwili hajapoteza hata msumari mmoja wa mradi huu, ingawa misumari, bembea, ramani na mkandarasi, kusema ukweli, hatujawahi kuvileta, tulileta mchanga na mabati. Sasa naomba watoto warudishwe sakafuni na bati lirudishiwe haraka, maana tukizubaa, huu mradi utaanza bila mimi.