Mawese Katika Magurudumu ya Mbele

Jumanne, 5 Agosti 1997

Leo nimetangaza mbele ya mke wangu Batuli na mtaa mzima: beringi za mbele za Sultani nitazibadilisha mimi mwenyewe. Sultani ni Landrova yangu. Ana miaka ishirini na mitatu na bado ana sura ya kiungwana. Ni kweli gurudumu la kushoto linanguruma, na ukilishika kwa juu linacheza kama jino bovu.

Haraka ipo. Jumapili msafara wa magari unaondoka Rumonge kwenda Bujumbura, askari mbele, askari nyuma. Jumatatu saa mbili asubuhi binti yangu Kaoutar ana mtihani wa kuingia shule ya uuguzi. Mtihani wenyewe ni mara moja kwa mwaka. Na siku hizi, kwa waasi walioko milimani, barabara ya Minago mtu hapiti peke yake. Gari likiharibika njiani, halingojewi.

Batuli akauliza kwa nini Kaoutar asipande tu Toyota ya Lukeba. Lukeba! Fundi aliyevuka kutoka Uvira mwaka jana tu, na tayari wanawake wa mtaa wanamsalimia yeye kwanza, mimi baadaye. Binti wa Amissi apande gari la watu wakati baba yake ana gari? Labda niwe nimekufa.

Jumatano, 6 Agosti

Beringi mpya zimefika! Nne! Kwa vikwazo hivi vya biashara tulivyowekewa na majirani, hakuna kipuri kinachoingia nchini kwa mlango. Zangu zimevuka ziwa kutoka Kigoma, zimefukiwa ndani ya gunia la ndagala, dagaa wakavu wa ziwa letu. Zinanuka. Si kitu. Mpango ulikuwa wangu na umefaulu.

Lukeba akapita, mikono mgongoni. Yeye huziita rulema, ili tujue anajua Kifaransa. Akashauri nizioshe kwa petroli. Petroli ya kuoshea vyuma, wakati huu? Kisha akanitolea kopo la grisi, grisi halisi, pengine la mwisho Rumonge nzima. Nikamshukuru sana na kumrudishia. Ningelipokea, Jumapili angesema Sultani anatembea kwa grisi yake.

Gurudumu la kushoto nimelifungua peke yangu. Vikombe vya chuma vinavyoshika beringi viligoma kutoka. Nikavigonga kwa mchi wa Batuli. Vikatoka. Mchi umepasuka. Batuli ameviokota vipande vyote viwili na kuvilaza juu ya mto wangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Beringi bila grisi haiendi. Niliwaza tangu alfajiri, na kabla ya chai nikapata jibu. Hapa Rumonge tumezungukwa na nini? Michikichi! Mawese mazito, mekundu, yaliyoganda vizuri kwa ubaridi wa asubuhi. Nimezijaza beringi zote nne hadi zikatapika. Zikapendeza hata nikamwita Kaoutar aje aone.

Akagusa moja kwa kidole. Akauliza kama mawese hayayeyuki yakipata moto. Huyu mtoto ana akili, atafaulu tu! Nikamwambia arudi kwenye vitabu vyake.

Raba ya kuzuia mafuta yasiingie kwenye breki sikuwa nayo. Nimekata kandambili yangu ya kulia. Imekaa pale kama imezaliwa pale.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekaza nati kwa nguvu zangu zote, nikaunga bomba kwenye spana, nikakaza tena. Gurudumu halichezi hata kidogo. Kuzunguka pia halizunguki sana, lakini kipya ni kipya.

Lukeba alinikuta nikitoka kuswali. Akasema mbele za watu: "Papa Kaoutar, rulema haipendi nguvu. Ukisha kukaza, legeza kidogo, iko inataka kupumua." Nikamjibu kwamba vyuma vyangu havipumui. Watu walicheka. Nadhani walikuwa upande wangu.

Jumapili, 10 Agosti. Bujumbura

Tumefika! Kwa maelezo machache.

Magari kumi na saba, sisi wa nne, Lukeba nyuma yetu. Mtaa mzima ulitupungia mikono. Kifua changu kilijaa hata mkanda ukanibana.

Kwenye kizuizi cha Minago breki zilichelewa kidogo. Mawese yalikuwa yameyeyuka na kuipita kandambili. Tulisimama kwa msaada wa pipa la askari. Magurudumu yakafuka moshi, na harufu ya ndagala wa kukaanga ikaenea kizuizi kizima. Askari mmoja akasogea akinusa: "Amahoro, mzee. Humu ni nani iko anapika?" Mwenzake akauliza kama ugali upo.

Kisha gurudumu la kushoto likagoma kabisa. Nikakanyaga mafuta kulilazimisha. Klachi ikaungua. Kamanda akatazama saa, akasema msafara unaondoka baada ya dakika kumi, tuwemo tusiwemo. Nikamwangalia Kaoutar, nikaiangalia milima. Niliogopa. Niliogopa kweli.

Lukeba alikuwa ameshaingia chini ya Sultani. Akalegeza nati yangu hadi gurudumu likazunguka, akatufunga nyuma ya Toyota yake kwa gogo la mkaratusi na minyororo. Akamwambia Kaoutar ahamie kwake. Kaoutar akachungulia ndani, akashukuru: "Murakoze, Papa Lukeba. Muko mumejaa." Akarudi akaketi kando yangu.

Sasa, kiti cha mbele cha ile Toyota kilikuwa wazi. Kilikuwa wazi tangu Rumonge, nilikiona kwa macho yangu. Ndipo nilipoelewa jinsi anavyompenda Sultani.

Kutoka Minago hadi Kabezi, na kutoka Kabezi hadi mjini, sikuachana na Toyota hata mita tatu. Katika msafara ule hakuna dereva mwingine aliyeshika nafasi yake hivyo.

Jumatatu, 11 Agosti. Bujumbura

Kaoutar ameingia mtihanini saa mbili kamili. Langoni nimewaeleza wazazi wengine jinsi nilivyomleta kwa gari langu.

Alipotoka alisema amejibu maswali yote. Nikawatangazia wazazi wote pale langoni. Akanishika mkono na kuniomba kitu kimoja tu: magurudumu ya mbele ya Sultani niyaache kwa Lukeba. Nimemwahidi palepale, na ahadi yangu ni ahadi.

Kwa hiyo nitaanza na ya nyuma. Kosa nimeshaligundua: mawese ni mepesi mno. Asali nimepata, lita mbili.