Gauni Lililomkondesha Bibie

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kasema. Presha ya mke wangu imepanda, apunguze uzito, sukari aiogope kama moto. Bibie, ndivyo ninavyomwita, karudi, kavua viatu, kakaa kwenye kochi akiutazama ukuta. Nikatangaza papo hapo: tunapunguza wote! Dada yangu, Kipimo, kafurahi kupita kiasi. Anakaa nasi tangu mwaka jana, mwembamba kama uzi, hata chumvi huipima kwa kijiko na kukisawazisha kwa kisu. Kasema kila kitu kina kalori, na kalori zinahesabika. Milo haina neno, vinavyotuangusha ni vitafunio. Kuanzia kesho: yai la kuchemsha, tango, mtindi usio na sukari, njugu ukufi mmoja. Vya afya, na vinashibisha, kasema. Tutaona.

Jumanne, 4 Machi
Nimeuliza: ukufi wa nani? Swali la haki. Kipimo akajibu, wa mlaji. Basi! Kiganja changu ni cha fundi cherehani, kimepanuliwa na mkasi miaka yote hii. Nikachota. Mteja akaingia na suruali yake, akanivuruga hesabu, ikabidi nianze upya. Jioni Kipimo akalitikisa kopo, akanitazama, akabofya simu. Kumbe kwa njugu peke yake nimemaliza kalori za mchana na za usiku! Nikamwambia njugu ni afya. Akasema hata maji ni afya, lakini watu wanazama. Bibie akacheka. Mara ya kwanza tangu jana! Kwa hiyo njugu zimefanya kazi.

Alhamisi, 6 Machi
Leo zamu ya bisi. Kipimo anasema bakuli zima lina kalori chache, tumbo linajaa, na mdomo unapata shughuli. Kweli. Ila ladha yake ni ya boksi. Nikatia siagi kidogo. Siagi ikaonekana mpweke, nikaiongezea sukari. Nimefumaniwa, kijiko mkononi.
Bibie hakosei hata mara moja. Yai lake, tango lake, anatafuna polepole akiangalia dirishani. Mizani hataki kuiona. Kasema gauni la bluu nililomshonea ndilo litakalompa habari. Jioni kalijaribu. Zipu ikagoma katikati ya mgongo.
“Fundi,” akaniambia, “si nimejitahidi lakini?”
Sauti ndogo! Nikasema gauni limenywea kwenye kamba. Hakuamini. Kukata tamaa ni kubaya kuliko sukari. Nina mpango.

Ijumaa, 7 Machi
Bibie na Kipimo wakaenda sokoni kununua matango. Mimi na gauni tukabaki. Fundi mwenye akili huacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono, nami nina akili. Nikafumua ubavuni, nikaachia upana wa kidole huku na huku, nikashona, nikapiga pasi. Jioni zipu ikapanda kama lifti! Bibie akajizungusha mbele ya kioo, akaniita nione. Nikaona. Uzuri wake, jamani! Kisha akala tango kwa raha kama vile si tango. Nimelala nikiwa fundi wa gauni na fundi wa ndoa.

Jumapili, 9 Machi
Nimeachia kidole kingine. Bibie anaimba jikoni. Kipimo ana mashaka, anasema hesabu zake hazikubali, mtu hawezi kukonda kasi hivyo. Nikamwambia wivu nao una kalori. Kanuna tangu asubuhi. Ushindi mtamu! Nimeusherehekea kwa mandazi mawili nyuma ya majora ya vitambaa.

Jumanne, 11 Machi
Nilizidisha. Kidole cha tatu kilikuwa cha tamaa. Leo gauni limening'inia kama pazia, na Bibie hakuzunguka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kitambaa kilichozidi kiunoni amekikunja mkononi. Akasema marehemu mama yake alianza hivihivi. Nguo ndizo zilizotangulia kujua.
“Mtu hakondi hivi kwa mayai, Fundi. Kuna kitu kinanila.”
Nikafungua mdomo. Nikaenda kumletea mtindi. Mtindi! Mwanamume mzima! Kesho kliniki.

Jumatano, 12 Machi
Kavaa lilelile gauni ili nesi ajionee. Kipimo alitusindikiza. Kwenye benchi nilimshikia Bibie mkoba, naye akawa ananieleza taratibu funguo za kabati ziko wapi, na kwamba nisigombane na dada yangu, mwenzangu ni huyo huyo. Kipimo akageuza uso, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Nikasimama kusema. Nesi akamwita ndani, mlango ukafungwa. Nikabaki nimesimama na mkoba.
Ukuta wa mbao husikika. Nesi akasema uzito umeshuka kilo moja na nusu, presha nayo imeanza kutulia, hongera mama. Bibie akauliza, na gauni je? Nesi akauliza nani kalifumua, maana matundu ya mshono wa zamani bado yanaonekana.
Bibie akatoka. Akanitazama tu. Nyumbani akavua gauni, akaligeuza ndani nje, akaliweka juu ya cherehani yangu.
“Nilishaanza kuwaaga, Fundi.”
Nikamwambia nilitaka afurahi.
“Nilifurahi,” akasema. “Ndicho kinachoniuma.”
Hapo nikalia mimi. Akaniacha nilie mpaka nikachoka. Baadaye akavuta kiti, akamenya yai, akachomoa uzi kwenye kibiringo changu na kulikata nao katikati, safi kabisa. Nusu yenye kiini kikubwa akanipa mimi. Tukala bila kuhesabu.

Ijumaa, 14 Machi
Nimelirudisha gauni kwenye mshono wake wa kwanza, Bibie akinisimamia. Kalivaa. Zipu imepita pale ilipogomea, ikasimama chini kidogo ya shingo. Safari hii imepanda yenyewe! Tumeshangilia wote watatu. Nimeapa mbele ya Kipimo: gauni la mke wangu sitaligusa tena. Na sitaligusa. Mimi ni mtu wa neno langu.
Kipimo kanunua mizani, kaiweka kwenye korido. Kila Jumamosi asubuhi tutapanda. Walipokwenda kuoga nimeichunguza. Chini ina kigurudumu kidogo, ukikizungusha mshale unarudi nyuma. Bibie kajitahidi mno, haifai kesho aamke apate habari mbaya. Na mizani si gauni. Nimekizungusha kidogo tu.
Nikapanda kujaribu. Nimepungua kilo nne! Sikutegemea! Nimekwenda moja kwa moja jikoni, nikapaka siagi vipande viwili vya mkate. Nafasi ipo.