Kila Mtoto na Kifungo Chake

Jumatatu, 3 Machi

Nimedhulumiwa, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Mwalimu Mkuu wa chekechea katuita ofisini mimi na msaidizi mwenzangu. Kasema shule itabaki na msaidizi mmoja tu. Ijumaa wazazi watakuja, na kila mtoto atavaa shati na kulifunga mwenyewe. Msaidizi ambaye watoto wake watafanya vizuri ndiye atakayebaki. Nilitaka kusema kwamba darasa langu ndilo lenye watoto wadogo zaidi. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Sidhani kama sauti yenyewe ilifika mezani.

Mwenzangu namwita Kidevu, humu tu, kwa sababu hutembea kakiinua utadhani anapimwa urefu. Tulipotoka akanishika bega, akaniambia nisijali, mdogo wangu, kazi zipo nyingi. Mdogo wangu! Tumemaliza shule mwaka mmoja!

Jumanne, 4 Machi

Nilisimama mbele ya darasa nikafunga sweta langu polepole, kifungo kwa kifungo. Watoto walinitazama kama wanaotazama mvua. Yule tunayemwita Profesa, kwa maswali yake, akauliza Dada anajifunga hivyo anaenda wapi. Kisha wakajaribu wenyewe. Kifungo cha juu, tundu la chini. Vilio. Profesa aliingiza kichwa kwenye mkono wa shati, akatangaza kwamba amefika.

Nikamchungulia Kidevu. Amekaa tu! Mtoto anahangaika na kifungo kimoja, jasho linamtoka, naye katulia, mikono mapajani. Eti anamwachia ajue mwenyewe. Huo ni uvivu. Mpishi akapita, akamsifu kwa subira. Subira! Mbona mimi nikikaa naambiwa nimezubaa?

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Mtoto hawezi kuviona vizuri vifungo vilivyo chini ya shingo yake. Lakini vya mwenzake anaviona, viko mbele ya macho yake. Nikawapanga wawili wawili, wakitazamana. Mmoja anafunga, mwingine anasimama wima kama mwanasesere. Kabla ya kengele ya mapumziko darasa zima lilikuwa limefungwa hadi shingoni! Nusura nilie.

Jioni nikamweleza mama. Mama ni fundi cherehani, vifungo ndiyo maisha yake. Akauliza, macho yakiwa bado kwenye mashine, je, shati lake mwenyewe mtoto ataweza kulifunga? Nikamwambia kwa upole kwamba haya ni mambo ya kitaalamu. Akasema haya, mtaalamu, kaoshe vyombo. Nyumba hii haiheshimu elimu.

Alhamisi, 6 Machi

Kidevu kaja kupeleleza. Alisimama mlangoni, akatazama watoto wangu wakifungana kwa kasi ya ajabu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimewajaribu mmoja mmoja. Wivu mtupu! Nikafunga mlango. Polepole, lakini niliufunga.

Ijumaa, 7 Machi

Wazazi walikalia viti vya watoto, magoti usawa wa masikio. Watoto wa Kidevu wakaanza. Mmoja aliruka kifungo, mwingine akafungua akaanza upya, ila mwishowe wote walimaliza. Makofi.

Zamu yetu. Mwalimu Mkuu akachora maduara kwa chaki, kila mtoto asimame ndani ya duara lake. Maduara! Tena yameachana! Nani aliniambia habari za maduara?

Watoto wakavaa mashati, wakasimama wima kama wanasesere. Wote. Wakingoja. Baba mmoja akanong'ona, mnong'ono wa kusikika hadi barabarani, kwani hawa wamezimwa?

Ndipo Profesa akamwamkia Mwalimu Mkuu kwa adabu, akamwambia koti lake liko wazi. Akatoka kwenye duara, akamfunga hadi juu. Wenzake wakaelewa kazi ni ipi. Wakavamia wazazi! Hakuna sweta wala gauni lililopona. Yule baba mnong'onaji alibanwa shingo hadi akakosa cha kunong'ona. Kina mama wawili walifungwa koti la huyu kwenye tundu la yule, wakainuka kwa pamoja. Watu walicheka hadi machozi. Mimi sikuona cha kuchekesha. Ile ilikuwa kazi safi!

Mwalimu Mkuu, shingo bado imebanwa, akasema Kidevu ndiye anayebaki. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Hapo Kidevu akaomba niachwe mwezi mmoja, chini yake, eti watoto wananipenda. Kuombewa na Kidevu! Nilikusudia kukataa. Nikasema ahsante, dada. Ulimi wangu ni msaliti.

Jumamosi, 8 Machi

Jumatatu tunaanza zipu. Kidevu kaagiza kila mtoto aje na jaketi lake, alivae, ajaribu mwenyewe. Mimi nikae karibu, mikono mapajani. Haiwezekani! Zipu huanzia chini kabisa, tumbo linaziba. Mtoto ataonaje?

Nimeuvua mto wa sebuleni foronya yake. Ina zipu ndefu, nzuri. Itatandazwa mezani, kila mtoto apate zamu yake, kwa utulivu. Mama kauliza ni nani hasa atakayevaa foronya.

Maneno ya Kidevu yamemfikia hadi mama yangu.