Kipupwe Hakijaanza

Jumatatu, 1 Juni

Kosa wanalofanya wengi ni kudhani kwamba kipimajoto hupima hali ya hewa. Hapana. Hupima mahali kilipotundikwa. Kiweke juani, kitakusomea jua. Kiweke karibu na jiko, kitakusomea jiko. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na minne, najua ninachosema.

Mapatano yetu ni haya. Kifua cha mke wangu hakielewani na kipupwe cha huku mlimani. Daktari ameshauri ashuke kwa binti yetu, huko tambarare, mpaka ukungu uishe. Miezi miwili! Mimi siwezi kwenda. Tangu tuhamie hapa sijakosa kuandika vipimo vya asubuhi hata siku moja. Basi tukakubaliana ataondoka kipupwe kikianza. Kinaanza lini? Asubuhi ya kwanza chini ya nyuzi kumi. Na anayesoma kipimajoto ni nani? Mimi.

Leo: tisa na nusu.

Nimekitoa kwenye kisanduku chake cha mbao, nimekitundika ukuta wa nyuma wa jiko. Kumi na tatu! Nimeandika kumi na tatu. Kwa penseli.

Jumanne, 2 Juni

Kumi na nne. Sikutarajia mafanikio makubwa kiasi hiki.

Jirani yetu fundi cherehani, ambaye mtaa mzima humwita Goti, alisimama getini akatangaza kwamba kipupwe kimeshaingia tangu Jumapili. Goti lake la kushoto limesema. Nikamweleza kwa upole kwamba goti si chombo cha kupimia. Akauliza kama chombo changu kimevaa sweta. Mke wangu akacheka. Kicheko kilikuwa kifupi. Kikohozi kilichofuata kilikuwa kirefu.

Jumatano, 3 Juni

Ukungu mzito. Hewa yenye unyevu husukumwa na upepo ikapanda mlima. Ikipanda inapoa, ikipoa inakuwa ukungu, na ukungu unakaa mlangoni kwetu kama mgeni asiye na haraka.

Kipimajoto: kumi na nne. Mke wangu akauliza kwa nini basi tunatoa moshi mdomoni tukiongea. Swali zuri sana. Darasani ningempa alama zote. Nikamwambia ni unyevu. Akasema, “Haya, Mwalimu.” Nimeishi na hiyo “haya” miaka arobaini. Siipendi.

Mpango wa pili: kuficha begi lake la safari. Nimetafuta juu ya kabati, uvunguni, stoo. Begi halipo. Bahati iliyoje! Limejificha lenyewe.

Alhamisi, 4 Juni

Alikohoa tangu alfajiri hadi jua lilipotokea, na huku jua hutokea kwa kuchelewa kwa sababu ya kilele. Nikachemsha maji, nikamkanda mgongo. Akasema ni vumbi tu. Vumbi! Katika ukungu huu! Mgongo wake umepungua. Sikuwa nimeona.

Nimejionea aibu. Nimekwenda nyuma ya jiko, nimekitoa kipimajoto, nimekirudisha kisandukuni. Kesho nitasoma ukweli, nitaandika ukweli, naye ataondoka. Kwa kalamu ya wino.

Ijumaa, 5 Juni

Kumi na tano!

Haiwezekani. Hewa baridi ni nzito, huteremka kama maji na kutuama bondeni. Na asubuhi hii umande ulikuwa umeganda juu ya kabichi zetu huko chini. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Nikaingiza mkono kisandukuni. Nyuma ya kipimajoto kulikuwa na chupa ya maji ya moto, imevishwa soksi. Soksi yangu.

Nikageuka. Mke wangu yuko mlangoni, kajifunika kanga mbili mabegani, anatazama kabichi.

Yakatoka yote. Jumatatu aliniona nikikihamisha. Jumanne akaamka kabla yangu akakoleza jiko ili anisaidie. Na begi liko kwa Goti, linabadilishiwa zipu ambayo haikuwa imeharibika. Nikamuuliza kwa nini, na kifua chenyewe ndicho hicho. Akauliza akiondoka nani atanikumbusha kuvaa sweta, maana akili yangu yote iko mawinguni.

Tukakaa jikoni. Nilikuwa na jambo la kumwambia. Nikamwambia kwamba kule tambarare mgandamizo wa hewa ni mkubwa zaidi. Akasema hata yeye angenikumbuka sana.

Kisha akauliza kwa nini tusishuke wote wawili. Nikamkumbusha vipimo. Akasema Goti anajua kusoma.

Goti!

Jumamosi, 6 Juni

Nimemkabidhi Goti daftari. Nimemfundisha saa mbili nzima: macho yawe usawa na namba, usikipumulie, usome haraka mkono usije ukakipasha joto. Alisikiliza kama mwanafunzi mzuri. Mwishoni akaomba goti nalo lipewe safu yake. Nikakubali. Kwa penseli.

Begi amelirudisha. Zipu safi kabisa.

Jumatano, 10 Juni

Kwa binti yetu. Kila ukishuka mita mia unapata zaidi kidogo ya nusu digrii. Sisi tumeshuka mita elfu moja na mia nne, kwa hiyo tumepata kama nyuzi tisa bila jasho. Mke wangu hajakohoa tangu juzi. Anaosha vyombo huku anaimba. Goti amepiga simu: huko juu ni nyuzi nane, na goti linasema ukungu hautoki mpaka Agosti.

Agosti! Daftari langu mikononi mwa mshona suruali mpaka Agosti!

Nimefikiria. Mgonjwa wa kifua hafai kukaa kwenye joto kali, hilo kila mtu analijua. Baraza ya binti yetu imeezekwa bati. Kipimajoto changu cha akiba, nilichokuja nacho, nimekitundika chini kabisa ya bati, upande wa jua la mchana. Thelathini na tisa! Nikatangaza mezani kwa sauti ya masikitiko kwamba huenda tukalazimika kurudi mapema. Binti akaweka kijiko chini, kashtuka.

Mama yake hakuinua hata macho. Alinisogezea kikombe changu, akasema chai ni ya moto, itanisubiri.

“Kirudishe kivulini, Mwalimu. Leo.”