YAH: Ombi la Gari Langu Kutambuliwa Rasmi Kuwa la Tairi Mbili

Ha Lephoi, Mokhotlong
Tarehe 4 Julai

Ntate Mokhele, Mwenyekiti wa Chama chetu cha Kuzikana,

Pokea salamu zangu, za mama watoto, na za kondoo waliosalimika na baridi. Ni mimi Sebata Ramaili, mwenye lile gari la kijani unalolijua vizuri, maana kiti cha mbele umekikalia wewe zaidi kuliko mke wangu. Naandika kwa unyenyekevu mkubwa, lakini safari hii nimechoka.

1. Nilinunua gari la kuvuta kwa tairi zote nne ili nifike kwangu theluji ikianguka. Sikujua nimenunua mali ya chama. Kila Jumamosi kuna mtu anazikwa, na kila anayezikwa huzikwa juu mlimani. Nimebeba majeneza, masufuria, wachungaji wa makanisa matatu yasiyosalimiana, na ng'ombe aliyechinjwa, paja lake moja likiwa mapajani mwa mke wangu.

2. Nilipojaribu kukataa, 'M'e 'Mapuseletso, mama katibu wetu, aliniambia mbele za watu, "Wee Sebata, gari lako lina miguu minne kama farasi, halafu unataka marehemu apande mlima mwenyewe?" Watu wakacheka. Hata mjane alicheka. Siku hiyohiyo nikaamua kuliondolea gari miguu miwili.

3. Nililipeleka mjini kwa Fundi Molupe. Aliniuliza mara tatu kama nimelala vizuri, kwa kuwa wateja wake wote huomba gari liongezewe nguvu. Nikashikilia msimamo. Akafungua giaboksi, akachomelea ile difu ya katikati inayogawa nguvu, akang'oa propela, lile chuma refu kama mtu linaloipeleka nyuma, akaziba tundu. Sasa zinavuta tairi za mbele tu. Kilima cha kwangu gari halikipandi tena, nalilaza chini karibu na mto, napanda kwa miguu na mfuko wa unga begani, ila moyo wangu mweupe.

4. Ushahidi nilileta kikaoni: propela yenyewe, nimeiviringisha blanketi isipate kutu. Kwa bahati mbaya wewe uliona blanketi kwanza. Ukavua kofia, ukaanzisha wimbo, na ni mpaka ubeti wa nne ndipo nilipopata nafasi ya kueleza.

5. Na baada ya kueleza, kamati iliamua nini? Iliteua wanaume wanane wa kusukuma. Wanane, Ntate. Na kwa kuwa msukumaji hawezi kuchoka kabla hajafika pa kusukuma, wote wanapanda gari. Likizidiwa na uzito wao wanashuka, wanasukuma, wanapanda tena, na mmoja anasema, "Gari la Sebata siku hizi lina jeuri." Nauliza kwa heshima zote, nimekosea wapi?

Basi naomba niandikwe kwenye daftari la chama kuwa mtu asiye na gari. Mkikataa, nitarudi kwa Molupe aziondolee nguvu hata hizo mbili za mbele, nibaki na gari la kuanikia nguo.

Nisalimie wote nyumbani kwako, mchungaji, 'M'e 'Mapuseletso, na hata wasukumaji, mmoja mmoja.

Ni mimi mwanachama wako mtiifu, asiyekosa kikao,
Sebata Ramaili

Nyongeza: Barua hii imekaa mezani wiki tatu. Nilipanga kukukabidhi mkononi mtakapokuja kulitaka gari, na hamkuja. Nasikia mwalimu mpya ana pikapu ya tairi nne. Mmeshazika mara mbili. Jumamosi iliyopita alikuwa mzee Lebusa, aliyenifundisha kukata manyoya ya kondoo, na mlipita langoni kwangu mkiimba. Nilikuwa nimesimama pale na koti langu, funguo mkononi. 'M'e 'Mapuseletso alinipungia kutoka kiti cha mbele, na pikapu haikusimama. Niliwafuata kwa miguu, nikafika kaburi limeshafukiwa. Iliniuma sana, Ntate. Jumatatu Molupe alifunga difu nyingine na kurudisha propela, na safari hii hakuniuliza kitu. Tafadhali nijulishe nani anazikwa Jumamosi hii, nami nitampitia saa kumi na moja alfajiri.